Nani Atamwagilia Desemba? Vidokezo vya kitalu na bustani ya viumbe shuleni Misiera

Ukitoka Mbarara kuelekea Nakivale, migomba ya Isingiro hukusindikiza kilima baada ya kilima, kisha inapungua, nyasi zinashika nafasi yake na vumbi linaanza kukupaka rangi. Uwanja wa shule katika makazi haya ya wakimbizi unafahamika hata kwa mgeni: umekwanguliwa na miguu ya watoto mpaka haukubakiza jani, na saa sita mchana kivuli pekee ni cha ukuta wa darasa. Lazima atokee mtu aseme, "Tupande miti hapa." Miti inapandwa, picha zinapigwa, kibao kinasimamishwa. Mwaka ukigeuka, kilichobaki wima ni kibao.

Vidokezo hivi ni vya mwalimu anayetaka kibao kizidiwe urefu na miti. Nimeviandika nikifikiria Misiera, lakini mwalimu wa Juru au Rubondo, sehemu nyingine za makazi haya, naye hatapotea njia akivifuata.

1. Anza na kalenda ya likizo

Kitalu cha shule hakifi kwa kukosa mbegu. Kinakufa likizoni. Shule za Uganda hufungwa mwanzoni mwa Desemba na kufunguliwa Februari, na Januari ya Isingiro haina huruma: mvua zimekata, jua limepanda, watoto mia tatu waliokuwa wakibeba maji wako nyumbani kwao. Mche ulio ndani ya kiriba chenye udongo wa viganja viwili hauwezi kusubiri muhula wa kwanza. Wiki moja bila maji inautosha.

Kwa hiyo panga ukirudi nyuma. Huku mvua huja mara mbili, Machi hadi Mei, halafu Septemba hadi karibu na Desemba. Lengo lako liwe kitalu kitupu ifikapo Desemba, kila mche ukiwa tayari ardhini na mizizi yake imeshaanza kutafuta riziki yenyewe. Mbegu za miti inayokua polepole ziingie kitaluni Machi, mara shule ikishatulia. Zile za wepesi ziingie Mei na Juni. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kitawakuta watoto wakiwa shuleni kwa sehemu kubwa, na mikono ya kumwagilia ipo. Mvua ya Septemba ikituama, mnapanda. Mti utakuwa umekunywa mvua kwa miezi miwili na zaidi kabla ya kengele ya mwisho ya mwaka.

Walimu wengi hufanya kinyume chake. Wanaanzisha kitalu Oktoba kwa sababu mvua inanyesha na moyo una furaha, kisha Desemba wanamkabidhi mlinzi miche elfu moja na kumtakia Krismasi njema.

Bado kuna likizo fupi mbili, ya Mei na ya Agosti. Hizo mtafute jirani aliye karibu na uzio, mkubaliane mapema atapata nini, na makubaliano hayo yaandikwe. Sabuni na miche kumi ya papai ya kupeleka kwake si malipo mabaya. "Asante sana mama, Mungu atakulipa" si mkataba.

2. Ruhusa kabla ya jembe

Ardhi ya Nakivale ni ya serikali, na makazi yanasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo kila mtu hapa huiita OPM. Mwone mwalimu mkuu, kamati ya shule, mwenyekiti wa RWC (baraza la ustawi wa wakimbizi) wa kijiji, kisha ofisi hiyo ya OPM. Peleka mchoro, hata wa kalamu ya risasi, unaoonyesha bustani inaanzia wapi na inaishia wapi. Uliza pia kama kuna darasa au choo kinachotarajiwa kujengwa hapo. Mti wa miaka mitatu hauhamishwi kwa sababu msingi umepita katikati yake.

3. Hesabu majerikeni kabla ya kuhesabu miche

Idadi ya miche huamuliwa na maji. Chukua kikombe cha chai cha kawaida, chenye robo lita. Kinatosheleza miche mitatu midogo kwa kumwagilia mara moja. Miche 300 basi itakunywa vikombe 100, yaani lita 25, zaidi kidogo ya jerikeni moja ya lita 20. Kiangazi mnamwagilia asubuhi na jioni, kwa hiyo weka majerikeni mawili na nusu kwa siku. Miche 1,000 itakudai majerikeni zaidi ya manane kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili ikiwemo.

Sasa nenda bombani ukatazame foleni. Ukirudi, punguza idadi.

Miche 300 inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Hamsini itabaki shuleni, iliyosalia itaenda makwao na watoto. Maji ya kunawia mikono na ya kuoshea sahani yakusanyeni kwenye pipa, yanafaa sana. Yenye Jik au chumvi nyingi yamwage mbali. Na mvua ikinyesha juu ya paa la mabati la darasa bila mfereji wala tangi, hayo yote ni majerikeni yanayopita mbele ya macho yenu. Mkipata mfadhili anayeuliza "tuwasaidie nini?", msimwambie miche. Mwambieni mifereji ya paa.

4. Mbuzi kwanza

Mbuzi hasomi kibao. Anaruka, anapenya, anasimama kwa miguu miwili, na mche laini uliomwagiliwa miezi minne kwake ni kitafunwa cha dakika moja. Ng'ombe wa Kinyankore wenye pembe ndefu nao wana haiba yao, lakini wakipita katikati ya kitalu husikii kingine isipokuwa viriba vikipasuka.

Uzio uje kabla ya mbegu. Miiba iliyokatwa na kurundikwa inafaa kwa mwaka mmoja, ila hutafunwa na mchwa. Uzio hai unadumu zaidi, lakini hapa pana tahadhari ya shule. Mnyaa, ule wa vijiti vya kijani unaopandwa sana huku kuzungushia boma, una utomvu mweupe unaounguza macho vibaya. Mbono, unaoota haraka kwa kipande cha tawi, una mbegu ambazo mtoto mwenye njaa hudhani ni karanga, na ni sumu. Majumbani watu wameizoea yote miwili. Panapocheza watoto mia tatu, tafuta kingine: kaliandra iliyopandwa kwa kubanana, au miti ya miiba iliyopangwa safu mbili. Kaliandra ina faida ya ziada, kwa kuwa ukiikata inachipua, majani yake mbuzi anapewa akiwa nje ya uzio, na vijiti vyake vinaingia jikoni kwa mama mpishi.

5. Mbegu ziko juu ya vichwa vyenu

Maduka ya pembejeo ya Mbarara yana mbegu, na Mamlaka ya Misitu ya Taifa, NFA, ina kituo chake cha mbegu za miti kule Namanve, karibu na Kampala. Ila kwa bustani inayotaka ndege na vipepeo, anza na miti ya hapahapa. Wadudu wa Isingiro na miti ya Isingiro wamejuana kabla yetu sote.

Wa kwanza ni *omusambya*, kama Wanyankore wanavyouita. Utautambua kwa maua ya njano yenye umbo la tarumbeta na maganda marefu membamba yanayoning'inia kama kamba. Vuna ganda likianza kuwa kahawia, kabla halijapasuka, maana mbegu zake zina mbawa na upepo hauombi ruhusa. Zisiwekwe kabatini, zioteshwe zikiwa mbichi. Nguzo za msambya ndizo watu hutumia kuegemezea migomba iliyolemewa na mkungu, kwa hiyo hata mzazi asiyejali vipepeo atautaka. (Wanyarwanda msichanganyikiwe: *umusambi* wenu ni ndege, omusambya wa wenyeji ni mti. Tutafika kwa ndege.)

Wa pili hauhitaji mbegu kabisa, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Ni mtuba, ndugu wa mkuyu, *omutoma* kwa Kinyankore. Ndio mti ambao Waganda hubandua gome lake kutengenezea nguo, ufundi uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Omba kwa mwenye nao tawi nene kama mkono wa mtu mzima, refu kama mtu mwenyewe, lichimbie ardhini mvua zikianza, na mara nyingi litachipua. Mbuzi halifikii. Baada ya miaka michache matunda yake madogo yataleta shore, hondohondo na ndege wengine msiowajua majina. Mti huu mkubwa usipandwe karibu na darasa wala tangi, mizizi yake ina nguvu.

Ule wenye maua mekundu na miiba shinani, *ekiko* kwa Kinyankore, nao hukubali kupandwa kwa tawi. Ukichanua, ndege aina ya chozi hawabanduki hapo. Ongeza mringaringa, wenye maua meupe ambayo nyuki huyagombania na kivuli kipana cha kusomea.

Kisha weka miti ya tumbo, kwa sababu mgao wa chakula umekatwakatwa miaka hii na hakuna mtoto atakayemwagilia kipepeo huku ana njaa. Papai huzaa baada ya mwaka hivi. Mbegu zake zina utelezi unaozuia kuota, zisugue kwa mchanga au majivu mpaka zikwaruze, ndipo uzipande. Weka miche mitatu kwa shimo, maana kuna dume na jike, na huwezi kujua mpaka ichanue. Parachichi ipandwe mara tu kokwa linapotoka kwenye tunda. Mpera hauna haja ya maelezo, watoto wataupanda hata msipotaka. Mlonge unaota haraka na majani yake ni mboga.

Mbegu ngumu zenye ganda la kung'aa, kama za migunga na jamii yake, zinahitaji kuamshwa. Chemsha maji, yaepue, yamwagie mbegu, ziache humo hadi asubuhi. Zilizovimba zipande, zilizogoma zirudie. Kazi ya maji ya moto ni ya mwalimu, watoto wasimame mbali. Kaliandra inatosheka na maji baridi kwa siku mbili.

Grevilea? Imetoka Australia, imezoea huku, ina mbao na maua yake yana asali. Michache siikatai. Mkaratusi katika bustani ya viumbe naukataa, na hasa bondeni karibu na maji. Anayetaka nguzo akaupande kwake.

6. Viriba bila kuchafua

Mbarara ni mji wa maziwa, na maziwa hayo huja katika pakiti za plastiki ambazo baadaye utazikuta zikipepea kwenye miiba yote ya Nakivale. Ziokote. Pakiti ya nusu lita ikioshwa vizuri na kutobolewa pembe za chini ni kiriba kamili. Mwambie kila mtoto alete tatu na tatizo limekwisha kabla ya Ijumaa. Kaveera (mifuko ya plastiki) nyembamba za dukani hazifai. Zinachanika, na serikali imezipiga vita kwa miaka mingi ingawa sokoni bado zimejaa.

Njia nyingine ni ganda kavu la mgomba. Likate, likunje liwe kikopo, lifunge kwa kamba yake lenyewe. Linadumu miezi michache tu, hivyo linafaa papai na mlonge, na zuri zaidi ni kwamba linaingia shimoni pamoja na mche. Plastiki siku ya kupanda lazima ivuliwe, ihesabiwe na irudi ghalani. Nimeona mti wa miaka miwili ukiyumba kama jino la mtoto. Kuung'oa, mizizi yote ilikuwa imejisokota ndani ya kiriba ambacho mtu hakukivua.

7. Shika jani, usishike shina

Mchanganyiko wa udongo: mafungu matatu ya udongo wa juu, mawili ya mchanga, moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Mbegu ndogo zianzie kwenye tuta au trei la mchanga, kisha miche ihamishiwe kwenye viriba ikiwa na majani mawili ya kweli. Hapo ndipo vidole vya watoto vinapoua: wanashika shina. Mche ukipoteza jani unaota jingine. Ukiminywa shina umekwenda.

Kivuli cha nyasi juu ya kitalu kiwe chepesi, mwanga upenye. Miche ikianza kulala kana kwamba imekatwa kwa uzi usawa wa udongo, hicho ni kinyausi, na karibu kila mara chanzo ni maji mengi na msongamano. Punguzeni vyote viwili. Kila mwezi nyanyueni viriba na kukata mizizi iliyotoboka kwenda chini. Wiki tatu au nne kabla ya kupanda, punguzeni kivuli na maji kidogo kidogo, miche izoee shida. Mche uliolelewa kama yai huzimia siku ya kwanza juani.

8. Acha pembe moja iwe chafu

Hiki kitakugombanisha na watu. Shule zetu zimezoea kufagia. Mtoto aliyechelewa hupewa ufagio, mtoto aliyepiga kelele hupewa ufagio, na uwanja ukibaki mtupu kama sahani iliyolambwa tunasema shule ni safi. Sasa unataka pembe moja ya bustani isifagiwe, nyasi zisikatwe, gogo lioze palepale lilipo.

Waeleze hivi wazazi. Anayetaka pundamilia na swala aende Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983 na iko hapo kaskazini yetu. Wanyamapori wa shule ni wale wanaojileta: kinyonga, mjusi, chura, nyuki asiye na mzinga, kipepeo. Hao hawaombi chochote zaidi ya mahali ambapo ufagio haufiki. Kiwavi anayekula majani leo ndiye kipepeo wa wiki kadhaa zijazo. Ukimnyunyizia dawa, usiulize vipepeo wamekwenda wapi.

Fungeni pamoja mabua ya mtama na vipande vya matete vyenye tundu, vining'inizwe chini ya paa dogo la nyasi, vikielekea jua la asubuhi. Nyuki wale wanaoishi peke yao watataga humo. Mzinga wa nyuki wa asali, hapana, si uwanjani pa watoto.

Na nyoka? Swali la haki, usilicheke. Weka pembe hiyo mbali na madarasa, vyoo na njia ya kwenda bombani, angalau umbali wa uwanja wa mpira wa wavu. Zungushia mstari mpana uliofyekwa, ili anayeingia aone anapokanyaga. Kanuni iwe moja: hakuna mkono kuingia kwenye rundo la mawe wala shimo. Vilevile ng'oeni mvuti mapema, ule wenye maua ya rangi mbili na harufu kali. Vipepeo wanaupenda, nakubali, lakini ukipewa mwaka mmoja unafanya bustani yote kuwa yake, na malisho ya nchi hii yanajua adha yake.

9. Maji ya ndege yasiwe maternity ya mbu

Bwawa la samaki mliloliona kwenye picha liacheni pichani. Watoto wadogo na shimo la maji havikai pamoja, na malaria tunayo ya kutosha. Tumia sufuria iliyotoboka na kuzibwa, au beseni lililopasuka ukingo. Liweke juu ya mawe, lijae maji ya kina cha kidole, na katikati tia changarawe ili nyuki atue bila kuzama. Mbu huhitaji kama wiki hadi siku kumi kutoka yai hadi kuruka. Maji yakimwagwa kila siku ya pili, hamlei mbu hata mmoja. Yanamwagwa wapi? Kwenye kitalu, bila shaka.

10. Mwenye manati apewe daftari

Kila darasa lina mvulana mmoja ambaye hakosei. Ndege akitua kwenye waya, amekwisha. Mwalimu wa kawaida humnyang'anya manati, naye kesho anakuja na mengine. Mimi ningempa cheo. Mtu anayejua kiota kiko wapi, ndege yupi anatoka saa ngapi na anaruka vipi ni mtafiti tayari, amekosa kalamu tu. Mpe daftari na umwite Karani wa Ndege. Akimpiga ndege, cheo kinakwenda kwa mwingine. Wivu utafanya kazi ambayo fimbo haikuiweza.

Daftari hilo Misiera lina utajiri ambao shule ya Kampala haitaupata. Darasa moja linaweza kuwa na watoto wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na wenyeji wa Isingiro. Ndege mmoja, majina matano. Chukua yule aliye kwenye bendera ya Uganda. Kwa Kiswahili ni korongo taji, kwa Kiganda *ng'aali*, kwa Kinyarwanda *umusambi*. Atakayejua jina la Kibembe au la Kisomali, aulize nyumbani usiku alilete asubuhi. Bibi ambaye hajawahi kuulizwa chochote na shule tangu avuke mpaka ataulizwa leo, na atatoa jina, atatoa na hadithi yake.

Korongo huyo yuko hatarini duniani, na makao yake ni ardhi oevu kama hii yetu ya Mburo na Nakivale, iliyoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Hatakuja kutaga uwanjani pa shule. Lakini akipita angani akilia, karani aandike tarehe, saa, na alikuwa akielekea wapi. Baada ya miaka mitano daftari hilo litakuwa na thamani kwa watu wengi walio nje ya Misiera, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Mbarara.

11. Siku ya kupanda isiwe sherehe

Sherehe hupangwa kwa ratiba ya mgeni rasmi, mvua haina mgeni rasmi. Pandeni asubuhi au jioni, udongo ukiwa umelowa hadi kina cha kiganja, hata kama ni Jumanne na hakuna kamera.

Mashimo yachimbwe wiki mbili kabla, sentimita 60 kila upande kwa miti ya matunda, pungufu kidogo kwa mingine. Udongo wa juu uwekwe kulia, wa chini kushoto. Wakati wa kufukia, wa juu unatangulia pamoja na samadi. Acha kisahani kuzunguka mche, ukingo wake uwe mrefu upande wa chini wa mteremko ili maji yatulie. Tandaza nyasi kavu au majani ya mgomba, lakini yasiguse shina, maana mchwa watapata daraja la kupandia. Majivu ya jikoni kuzunguka shina ni dawa ya wazee, na kwa mchwa wachache husaidia. Wakiwa wengi, chimba utafute kichuguu.

Halafu ile chupa ya maji ya dukani: toboa kizibo tundu la sindano, kata kitako, ichomeke kichwa chini kando ya mche. Ikijazwa mara mbili kwa wiki Januari nzima, inatosha kuuvusha mti. Hiyo ndiyo kazi ya likizo ya yule jirani wa kidokezo cha kwanza, na ni nyepesi kuliko kulea viriba mia tatu.

12. Hesabu iliyo hai

Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Ndiyo iliyoanzisha Green Belt Movement, vuguvugu lililomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kati ya ile saba iliyosalimika ni miwili tu. Mwenyewe hakuficha jambo hilo, alijifunza nalo. Baadaye wanawake wa vitalu vyake walilipwa pesa kidogo kwa kila mche *uliosalimika*, uliopandwa na kusahauliwa haukuhesabiwa.

Fanyeni hivyo shuleni. Rejesta ya miti iwe na safu nne: namba, aina, tarehe ya kupandwa, hali. Kila mwisho wa muhula mnapita na kuandika H kwa ulio hai, K kwa uliokufa, na kwa kila K sababu moja: mbuzi, kiu, mchwa, mpira. Muhula wa kwanza mtaona aibu. Muhula wa tatu mtajua adui wenu halisi ni nani, na mara nyingi si yule mliyemdhania. Ripoti kwa mfadhili itoke kwenye rejesta hiyo hiyo. Mfadhili anayekasirika kuambiwa miti 31 kati ya 50 iko hai, mwacheni aende.

13. Mrithi wa mti

Kidokezo hiki hukikuti kwenye vitabu vya kilimo. Kila mti una mlezi wake, na jina limeandikwa kwenye rejesta. Lakini hapa watoto husafiri. Siku moja jina la familia linatoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa nchi za mbali, wiki chache baadaye dawati liko wazi, mtoto yuko Canada au Australia. Wengine wanarudi kwao, wengine wanahamia Kampala bila kuaga. Na wengine hawaendi popote: Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa muda mfupi, ilisemekana.

Kwa hiyo ongezeni safu ya tano: mrithi. Mtoto anapopanda, siku hiyo hiyo anataja nani atauchukua mti wake akiondoka, na mrithi awe wa darasa la chini yake. Siku ya safari, kama kuna nafasi, waende wote wawili mpaka kwenye mti. Anayeondoka amwonyeshe anayebaki tundu la chupa liko upande gani, tawi lipi mbuzi alilitafuna mwaka jana, na ni saa ngapi chozi huja.